Sauti Iliyopotoka na Uhakiki wa Nyimbo Zetu

Uhakiki wa wimbo huanza masikioni. Kabla mhakiki hajasema neno lolote juu ya fani au maudhui, juu ya tamathali za usemi, vina na mizani, hana budi awe ameusikia wimbo wenyewe, tena ameusikia sawasawa. Jambo hili ni wazi mno hata laonekana halistahili kuandikwa. Lakini tukitazama namna nyimbo zetu za dansi na taarabu zinavyofundishwa na kuhakikiwa leo, tutaona kwamba limesahauliwa. Walimu na wanafunzi wetu hawazisikilizi tena nyimbo hizo kutoka katika santuri na kanda zake za asili. Wanasikiliza nakala zilizohamishwa kwa kompyuta, zikatiwa katika simu na flashi, nazo nyingi zimepotoka: sauti inakwaruza, inanguruma, inayumba, au imekuwa nyembamba kama ya mtu aliyebanwa pua. Juu ya msingi huo mbovu ndipo tunapojenga hukumu zetu.

Katika makala hii tunakusudia mambo matatu. Kwanza, tutaeleza kwa ufupi njia zilizopitia nyimbo hizi hadi kutufikia. Pili, tutaonyesha jinsi upotofu wa sauti unavyoweza kuligeuza shairi likasema kinyume cha alichokusudia mtunzi. Tatu, tutatoa utaratibu ambao mwalimu yeyote, awe Kinondoni, Temeke au kwingineko, anaweza kuufuata ili ajue kosa limetoka wapi, na kama latengenezeka. Twaandika kama watu wa ushairi na si kama mafundi. Lakini mshairi ambaye hajali namna neno lake linavyomfikia msikilizaji amefanya nusu ya kazi.

Njia zilizopitia nyimbo zetu

Nyimbo za Kiswahili zilianza kunaswa katika santuri zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, India, kurekodi santuri za taarabu. Santuri za zama hizo zilizunguka kwa mwendo wa takriban mara 78 kwa dakika, na mfereji wake ulikuwa mpana kuliko wa santuri zilizokuja baadaye. Miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa ya santuri ndogo za mwendo wa 45, na santuri za bendi zetu zilichapwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa hadi mwaka 1983, njia hiyo iliingia matatani.

Lakini hazina kubwa zaidi haikuwa katika santuri. Ilikuwa katika kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, na ambayo asili yake ni kituo kilichoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Bendi ziliingia studio zikapiga wimbo mzima kwa pamoja, na wimbo ukanaswa katika kanda kubwa za magurudumu. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa JUWATA na hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978. Vijana Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Dar International ya Marijani Rajabu: sauti za wote hao zilifika majumbani kwa njia ya redio. Mtu wa Mwananyamala, Magomeni, Tandika au Mtoni aliyetaka wimbo uwe wake alisubiri saa ya kipindi, akabonyeza kitufe cha redio kaseti, akaunasa. Jirani akaazima kaseti ile akainakili, na jirani wa jirani akafanya vivyo hivyo.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo letu. Kanda ya studio hupita mbele ya kichwa cha mashine kwa sentimita 19 au 38 kwa sekunde, ilhali kaseti hupita kwa sentimita 4.76 tu. Wimbo uliotandazwa katika nafasi kubwa ukakunjwa katika nafasi ndogo, kisha ukanakiliwa tena na tena. Na kila nakala ya namna hiyo huongeza mvumo na kupunguza uwazi. Nyimbo nyingi zilizomo katika simu za vijana wetu leo ni vitukuu vya kaseti za namna hiyo. Juhudi za kurudi kwenye asili zimekuwapo. Mwaka 2007 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, katika mfululizo wake uitwao Zanzibara, ilitoa mkusanyiko wa muziki wetu wa dansi wa miaka ya 1960. Mnamo mwaka 2012 asasi iitwayo Tanzania Heritage Project ilianza kuchangisha fedha kwa nia ya kuziingiza kanda za Radio Tanzania katika mfumo wa kidijitali. Hata hivyo, mwalimu wa kawaida hafikiwi na kazi hizo kwa urahisi. Yeye hufikiwa na kile kilichomo katika kibanda cha kuingizia nyimbo mtaani.

Upotofu wa sauti na maana ya shairi

Huenda msomaji akauliza: mkwaruzo mdogo una madhara gani, mradi wimbo unasikika? Jibu letu ni kwamba mkwaruzo haushambulii sauti zote kwa usawa. Irabu, ambazo ndizo zenye nguvu, huvumilia mengi. Konsonanti za msuguano, yaani s, sh, z, f na nyinginezo za jamii hiyo, ndizo hupigwa kwanza, kwa kuwa zimeundwa kwa mvumo mwembamba wa juu. Santuri iliyochakaa au sindano iliyoharibika huifanya s itawanyike ikasikika kama sh. Kaseti iliyopoteza sauti zake za juu huifisha s hata ikakaribia kusikika kama f. Ndivyo ilivyo pia katika simu, ambamo mtu hulazimika kusema “s ya Salama” ili aeleweke. Na Kiswahili ni lugha ambayo herufi moja ya namna hiyo hutenga maneno mawili kabisa. Sisi tukigeuka fisi, hakuna asiyeona hasara iliyotupata.

Tutunge mifano yetu wenyewe ili jambo lidhihirike. Chukua mstari huu:

Sindano hii ya jana, leo yanihangaisha.

Katika nakala iliyochakaa, neno la kwanza lasikika kama “shindano”. Mwanafunzi ataandika kwamba msanii analalamikia ushindani wa maisha, na ataongeza kurasa mbili juu ya matabaka. Lakini mhakiki mwangalifu atatazama upatanisho wa kisarufi. Shindano ni hili, la jana, lanihangaisha. Sindano ndiyo hii, ya jana, yanihangaisha. Sarufi imetuokoa, nasi twajua kwamba aliyeimba alikuwa mgonjwa aliyetoka hospitali. Hapo hakuna madhara makubwa.

Sasa chukua mstari mwingine, tuseme katika kinywa cha msichana anayesimulia habari za mchumba:

Alipoleta nyumbani, pete saba nikataa.

Mizani ni nane kwa nane. Ukisikia “pete shaba”, mizani haipungui wala haizidi, kwa sababu washairi wetu wana ruhusa ya kudondosha kiunganishi ili kutimiza hesabu. Pete shaba ni pete ya shaba. Sarufi haipingi. Vina vya mwisho haviguswi. Lakini maana imepinduka juu chini. Katika mstari wa asili msichana amekataa mali: ameletewa pete saba naye hakununulika. Katika mstari uliopotoka msichana huyo huyo amemdharau maskini kwa kuwa pete yake si ya dhahabu. Mhakiki atakayeshika nakala mbovu atamshutumu mtunzi kwamba anafundisha tamaa, kumbe mtunzi alifundisha heshima ya utu. Makosa ya sindano yamekuwa hukumu juu ya maadili ya mtu, na pengine mtu huyo amekwisha kufariki dunia, hawezi kujitetea.

Jambo hili si geni katika fasihi yetu. Tenzi na mashairi ya kale yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo katika mazoea ya waandishi wengi hazikutofautisha daima i na e, wala u na o, na mara nyingine b na p. Waliozihamishia hati hizo katika herufi za Kirumi, kama ilivyofanyika kwa mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliyochapishwa kitabuni mwaka 1940, walilazimika kuamua neno kwa neno. Hatujawahi kusikia mtaalamu akisema kwamba kazi hiyo haihusiani na uhakiki. Kinyume chake, twaiita msingi wa uhakiki. Basi kuhamisha wimbo kutoka santuri hadi kompyuta ni kazi ya jamii ile ile. Fundi anayefanya hivyo ni mnukuzi, na nakala yake yastahili kuhakikiwa kama ipasavyo nakala ya mnukuzi yeyote.

Aina tatu za upotofu

Ili tusichanganye mambo, tugawe upotofu wa sauti katika mafungu matatu kulingana na wakati ulipozaliwa.

Fungu la kwanza ni upotofu uliozaliwa na wimbo wenyewe. Gitaa lililopigwa katika spika ndogo kupita uwezo wake lilikwaruza siku ile ile ya kurekodi. Tarumbeta iliyosogelea mno kinasa sauti ilipasuka hapo hapo studio. Upotofu huu ni sehemu ya historia ya wimbo, na mara nyingine ni sehemu ya uzuri wake. Haufai kuondolewa.

Fungu la pili ni upotofu uliotokana na umri wa chombo. Santuri imechimbwa na sindano nzito kwa miaka mingi. Kanda imeota ukungu kwa unyevu wa pwani yetu. Kaseti imelala juu ya kabati lililo chini ya bati, joto likaikunja. Upotofu huu waweza kupunguzwa, lakini mara nyingi hauponi kabisa.

Fungu la tatu ni upotofu ulioletwa na uhamishaji wenyewe, yaani ule uliozaliwa jana kati ya mashine na kompyuta. Huu ndio tunaoulaumu zaidi, kwa kuwa ungeweza kuepukwa, na kwa kuwa wasikilizaji hudhani ni uzee wa wimbo. Yumkini nakala nyingi ambazo watu huzisamehe kwa kusema “ni za zamani” hazina kosa la uzamani hata kidogo. Zina kosa la haraka.

Namna ya kutafuta chanzo

Kanuni ya kwanza ya uchunguzi ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadili sindano, waya na kompyuta kwa pamoja, kisha akasikia sauti imetengemaa, hajui kilichomponya mgonjwa. Kanuni ya pili ni kusikiliza kuanzia mwanzo wa mnyororo. Weka spika za masikioni katika mashine ya kuchezea kabla sauti haijafika kwenye kompyuta. Ikiwa huko sauti ni safi, santuri na kaseti hazina hatia. Kosa liko mbele. Ikiwa tayari imepotoka, acha kompyuta, rudi nyuma.

Tuanze na kosa lililoenea kuliko yote, la sauti kuingizwa kwa nguvu mno. Kanda ya kale ilikuwa na subira: ukizidisha nguvu kidogo, ilikwaruza kwa upole. Kompyuta haina subira hiyo. Ina dari, ambayo mafundi huiita sifuri ya desibeli, na kila kinachozidi hapo hukatwa kama majani kwa fyekeo. Fungua nakala katika programu ya kuhariri sauti, kama vile Audacity ambayo haiuzwi, ukaikuze picha ya mawimbi. Mawimbi yenye afya yana vilele vya mviringo. Yaliyokatwa yana vilele vilivyo bapa. Kilichokatwa hakirudi, maana maji yakimwagika hayazoleki. Dawa ni kurudia kazi, ukihakikisha kwamba vilele vya juu kabisa vinabaki kama desibeli 6 chini ya dari. Tena utazame neno hili: ikiwa vilele ni bapa lakini haviigusi dari, basi vilikatwa kabla ya kufika kwenye kompyuta, na kuishusha sauti ndani ya kompyuta hakutasaidia kitu.

Kosa la pili ni la matundu na nyaya. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu, ambao hauna budi kupita kwenye kikuza sauti maalumu. Kikuza hicho hufanya kazi mbili: huongeza nguvu, na hurudisha sauti nzito ambazo zilipunguzwa makusudi wakati wa kuchapa santuri, huku kikizishusha zile nyembamba zilizoongezwa. Asiyekitumia hupata sauti hafifu na nyembamba, isiyo na besi. Kwa upande mwingine, ziko mashine ambazo zina kikuza hicho ndani yake. Ukiiunganisha mashine ya namna hiyo na tundu la santuri la amplifaya, sauti hukuzwa mara mbili ikapasuka. Vivyo hivyo, kompyuta nyingi ndogo zina tundu la kinasa sauti tu, lililokusudiwa mnong’ono wa mtu anayezungumza. Ukilitia sauti iliyokwisha kukuzwa, hukwaruza hata ukipunguza vipi katika kioo. Inafaa kutumia kifaa cha nje chenye tundu la kupokea sauti iliyokuzwa.

Kosa la tatu ni la sindano na santuri. Ikiwa mwanzo wa upande ni safi lakini wimbo unakwaruza kadiri unavyokaribia katikati ya sahani, usishangae. Katika santuri kubwa ya mwendo wa 33, mfereji wa nje hupita chini ya sindano kwa yapata sentimita 50 kwa sekunde, na ule wa ndani kabisa kwa yapata sentimita 21. Sauti ile ile imebanwa katika nafasi isiyofika nusu. Sindano iliyochakaa, iliyokaa upande, au iliyojaa vumbi hushindwa hapo kwanza. Isafishe sahani, itazame sindano kwa kioo cha kukuzia, uupime uzito wake kwa kufuata maelekezo ya aliyeitengeneza. Wako wanaoweka sarafu juu ya mkono wa mashine ili sindano isiruke. Hao wanaichimba santuri kaburi. Ama sindano nyepesi mno, nayo hurukaruka ndani ya mfereji na kukwaruza. Kwa santuri za mwendo wa 78, sindano ya kawaida haifai asilani, kwa sababu mfereji wake wahitaji ncha yenye upana wa takriban mara tatu; ncha ndogo huteleza chini kabisa, ikasoma taka badala ya wimbo. Na kwa kuwa santuri nyingi za miaka ya 1960 zilinaswa kwa mkondo mmoja, kuunganisha mikondo ya kushoto na kulia wakati wa kuhamisha hupunguza kelele bila kuugusa wimbo.

Kosa la nne ni la kaseti. Sauti ikiwa imefifia, s zikawa hazisikiki, usikimbilie kulaumu kanda. Safisha kwanza kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti safi, pamoja na kigurudumu cha mpira kinachoivuta kanda. Kisha shughulikia mwelekeo wa kichwa hicho. Kila mashine iliyorekodi ilikuwa na mkao wake. Mashine inayosoma ikiwa imeinama tofauti, sauti za juu hupotea. Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo. Ukiizungusha taratibu huku unasikiliza, ghafla utasikia pazia likifunguka, maneno yakaja mbele. Fundi redio wa zamani, wale wa Temeke na Magomeni, wanaijua skrubu hii kuliko wahandisi wengi, na yafaa vijana wajifunze kwao maadamu bado wapo.

Kosa la tano ni mvumo mzito wa kudumu, unaotokana na umeme wa njia kuu, ambao katika nchi yetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Mara nyingi husababishwa na vyombo viwili vilivyochomekwa katika soketi mbali mbali, au waya wa ardhi wa mashine ya santuri uliokatika. Jaribu kuiendesha kompyuta kwa betri yake; mvumo ukitoweka, umempata mwizi.

Mwendo na haki ya mwimbaji

Kuna upotofu mwingine ambao haukwaruzi, ndiyo maana huwadanganya hata wenye masikio makini: upotofu wa mwendo. Redio kaseti yenye mkanda wa mpira uliolegea huenda polepole. Iliyorekebishwa vibaya huenda mbio. Mwendo ukizidi kwa asilimia 6, wimbo mzima hupanda nusu sauti, mwimbaji mzima akageuka kijana, na dansi la kutembea likawa la kukimbia.

Tumewahi kusoma insha za wanafunzi zinazodai kwamba waimbaji wa zamani walipenda sauti nyembamba za kike, na kwamba hilo ni athari ya muziki wa kigeni. Dai la namna hiyo halina budi kupimwa kwanza kwa mashine, kisha ndipo lijadiliwe kwa nadharia. Hapa ule mvumo wa umeme tulioushutumu wageuka kuwa shahidi. Ikiwa mvumo ulinaswa pamoja na wimbo katika studio, ulinaswa ukiwa 50. Programu ya kompyuta ikikuonyesha kwamba katika nakala yako mvumo huo uko 53, basi nakala inakwenda mbio kwa asilimia 6, nawe waweza kuirudisha mahali pake. Lakini lazima utofautishe mvumo huo wa kale na ule ulioingia siku ya kuhamisha, ambao utakuwa 50 daima, hata mashine ikienda mbio namna gani. Kusimamisha kanda na kusikiliza kimya chake kutakuonyesha upi ni upi.

Jambo jingine la haki ni ukamilifu wa wimbo. Santuri ndogo ya mwendo wa 45 ilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, na nyimbo zetu ni ndefu. Kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Aliyehamisha upande mmoja tu ametupa nusu ya shairi; na kwa kuwa bendi zetu zilipenda kuanza taratibu na kumaliza kwa mchangamko, ametupa pia wakati ambapo magitaa na ala za kupuliza hujieleza. Mhakiki akisema kwamba mtunzi ameuacha mgogoro bila suluhisho, tumwulize kwanza: umegeuza santuri?

Hatari ya kusafisha kupita kiasi

Wako wanaotenda kosa lililo kinyume. Wakisikia mchakacho wowote, huiamuru programu iusafishe, kisha iusafishe tena. Matokeo yake ni sauti inayobubujika kama ya mtu anayeimba ndani ya maji. Programu haijui Kiswahili. Haijui kwamba mvumo wa juu inaoufuta ndio ule ule unaounda s na sh, ndio pumzi ya mwimbaji kabla ya kuanza beti, ndio njuga na kayamba. Hivyo tunafukuza panya kwa kuchoma ghala.

Wengine hutuambia kwamba kelele za santuri zina utamu wake na ziachwe zote. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Mkwaruzo uliotoka studio ni wa bendi, nasi tunauheshimu. Uliotoka kwa waya mbovu wa mwaka huu hauna utamaduni ndani yake. Msimamo wetu ni huu: nakala ya kwanza ihifadhiwe kama ilivyotoka, bila kusafishwa, katika faili isiyobanwa, kwa biti 24 na sampuli 48,000 au 96,000 kwa sekunde, kama wanavyoshauri wataalamu wa kimataifa wa hifadhi za sauti. Kisha itolewe nakala ya pili kwa ajili ya kusikiliza, na hiyo ndiyo isafishwe kwa kiasi. Anayebakiza ile iliyosafishwa tu amewanyima wajukuu haki ya kufanya vizuri kuliko yeye.

Wajibu wa shule

Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alieleza sababu ya kuunda wizara ya utamaduni wa taifa: kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho. Tangu siku ile tumejenga mengi, na nyimbo za bendi zetu zimo katika mengi hayo. Lakini kanda hazisubiri. Kaseti iliyomo katika sanduku la babu huko Mbagala au Kijitonyama inaharibika kila masika, na mashine za kuisomea zinapungua.

Tunapendekeza basi kila shule ya sekondari yenye kompyuta moja na redio kaseti moja iifanye kazi hii kuwa sehemu ya somo la fasihi simulizi. Wanafunzi waombe kaseti na santuri kwa wazee wao, kwa ahadi ya kuzirudisha. Wazihamishe kwa utaratibu tulioueleza. Kila nakala iambatane na hati fupi: jina la wimbo na la bendi, chombo cha asili, aliyekitoa, mashine iliyotumika, mwendo, na kasoro zilizosikika. Maneno ya wimbo yanukuliwe na wanafunzi watatu, kila mmoja peke yake, kisha nukuu zilinganishwe. Palipo na tofauti, darasa litazame vina, mizani, upatanisho na lahaja, litafute nakala nyingine, na likikosa ushahidi liandike kwamba neno halikusikika. Wazee waliocheza nyimbo hizo waulizwe, kwani wengi bado wanazo kichwani. Tena ikumbukwe kwamba watunzi na warithi wao wana haki zao chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kuhifadhi kwa ajili ya masomo si kibali cha kufanya biashara.

Mwanafunzi atakayefanya kazi hiyo kwa wimbo mmoja tu atajifunza mambo ambayo insha kumi za kunakili hazitamfundisha. Atajua uzito wa silabi moja. Atajua kwamba nukuu ni hukumu, na kwamba hukumu yataka ushahidi. Na siku atakapomsikia mtu akimshutumu mtunzi wa kale kwa neno baya, hatakubali wala kukataa kabla ya kuuliza neno hilo lilisikika katika nakala ipi.